Kiingereza kilichotoka shimoni

Jioni, ukipita Nyawera ao Kadutu, unakutana na vijana wanaotoka masomo ya Kiingereza na kaye mukononi. Hamu imeongezeka tangu Kongo iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki, mwaka 2022. Ngambo ya Ruzizi, Rwanda iliamua mwaka 2008 kufundisha watoto kwa Kiingereza, na mtu wa Bukavu anayeenda Kamembe kufanya biashara amesikia tofauti. Kwenye machimbo pia lugha hiyo si mgeni: kampuni ya Banro, iliyoanza kutoa dhahabu ya Twangiza mwaka 2011, ilikuwa ya Kanada, na kila juma kuna mgeni mwenye kofia ya plastiki anayeandika ripoti ambayo mchimbaji hataisoma.

Shida ya Kiingereza si maneno tu. Unaweza kujua kila neno moja moja, na jumla ikakupita. Ni kama mtu anayesikia « kupiga pasi ndefu » akaanza kutafuta nguo ya kupiga pasi. Lakini wachimbaji wako na bahati moja ambayo mwalimu wa mjini hana: misemo mingi ya Waingereza na Wamarekani ilizaliwa ndani ya shimo, midomoni mwa watu waliokuwa na matope mpaka magotini.

Tuanze na « strike gold ». Ni kugonga dhahabu, kufikia filo. Leo Mwingereza anausema hata kwa mtu aliyefungua duka la nguo na likaenda vizuri ghafla. Halafu kuna « pan out ». Hapa kamusi inakudanganya, juu neno « pan » linatafsiriwa kuwa sufuria. Kumbe ni karai ya kuoshea mchanga. Dhahabu ilipoonekana California mwaka 1848, maelfu ya watu walikimbilia huko, na kila mmoja alikaa mtoni akizungusha karai yake. Maji yalipoondoa mchanga, ao dhahabu ilibaki chini ao hakukubaki kitu. Kwa hiyo akikuambia « it didn't pan out », anasema jambo halikuzaa kitu. Hakuna mama wa Kamituga anayeosha mchanga ambaye anahitaji kuelezwa zaidi.

Uangalie lakini « flash in the pan ». Watu wengi, na walimu wamo, wanafikiri ni ndugu ya ule wa kwanza. Hapana. Ile « pan » ni kisahani kidogo cha bunduki za zamani, kilichowekwa baruti. Mara nyingine baruti ya kisahani iliwaka, cheche zikaonekana, na risasi haikutoka. Wanausema kwa mtu aliyevuma siku mbili halafu akapotea.

« Acid test » ni ya wanunuzi. Asidi ya nitriki haili dhahabu, bali shaba inachemka na kugeuka kijani. Tone moja linatosha kumfunua mwongo. Waingereza walichukua msemo huo kwa jaribio lolote linaloonyesha ukweli wa mtu ao wa kitu: mgombea anatoa ahadi wakati wa kampeni, lakini « acid test » ni mwaka wa kwanza wa kazi.

Na wizi nao uko na msemo wake. « To salt a mine » si kutia chumvi. Ni kunyunyiza dhahabu ya kuletwa kwenye udongo usio na kitu, ili mnunuzi adanganyike. Kampuni kubwa pia ziliingia mtego huo. Mwaka 1997 ilijulikana kwamba Bre-X, kampuni ya Kanada, haikuwa na dhahabu ya maana kule Busang, Indonesia. Vipimo vilikuwa vimetiwa dhahabu kutoka nje. Hisa ambazo kwa pamoja zilikuwa zimefika karibu dolari bilioni 6 za Kanada zikawa karatasi tupu. Anayefikiri kwamba ujanja wa namna hiyo ni wa wachimbaji maskini tu, asome habari hiyo.

Msemo ninaopenda watu wajue kuliko yote ni « canary in the coal mine ». Kanari ni ndege mdogo wa manjano. Mwishoni mwa karne ya 19, mwanasayansi wa Uingereza John Scott Haldane alichunguza vifo vya wachimbaji wa makaa na kuona kwamba wengi waliuawa na gesi ya monoksidi, wala si moto wenyewe. Gesi hiyo haina harufu wala rangi. Akashauri washuke na ndege, juu ndege anapumua haraka na mwili wake ni mdogo; anaanguka mbele ya mtu. Akianguka, kila mtu anapanda. Waingereza walitumia kanari shimoni mpaka mwaka 1986. Leo msemo huo ni wa alama yoyote ndogo inayotangulia hatari kubwa: bei ya unga ikipanda ghafla kwenye soko moja, gazeti la London litaandika « canary ».

Kwetu gesi ile ile inatoka kwenye motopompe ya esansi inayoshushwa ndani ya shimo kuvuta maji. Wengi wanapima hewa kwa mshumaa: ukizimika, wanatoka. Mshumaa unasema kweli kama hewa ya kupumua imepungua, lakini kwa monoksidi unaendelea kuwaka vizuri huku mtu anakufa pembeni yake. Kichwa kuuma, kutapika, miguu kuwa mizito: hiyo ndiyo kanari yetu. Motopompe ikae nje, tuyo tu ndiyo ishuke.

Sasa tupande juu, tuingie ofisini. Huko misemo haina matope, na ndiyo iliyotugharimu zaidi. « Conflict minerals » ni maneno mawili. Tarehe 21 Julai 2010 Barack Obama alitia sahihi sheria ya Dodd-Frank, na kifungu chake cha 1502 kilihusu kasiterite, koltan, wolframite na dhahabu za kwetu. Hapa kila mtu aliiita « Loi Obama », na wengi wanaamini mpaka leo kwamba Obama alikataza madini ya Kivu. Kifungu hicho hakikukataza kununua. Kilidai kampuni zinazouza hisa Marekani zichunguze na kutangaza kama madini yao yanatoka huku, na yamepita njia gani. Lakini kati ya kutangaza aibu na kukaa mbali, kampuni nyingi zilichagua kukaa mbali. Juu ya hiyo, Rais Kabila alisimamisha uchimbaji wa mikono katika Kivu zote mbili na Maniema, tangu Septemba 2010 mpaka Machi 2011. Wenye watoto shuleni wakati huo wanakumbuka minerval ya mwaka ule.

Baadaye ikaja « due diligence ». Ukiitafsiri neno kwa neno, unapata bidii inayostahili, na mtu atafikiri anaombwa kuchimba kwa nguvu zaidi. Ni wajibu wa mnunuzi kuchunguza: madini yametoka shimo gani, nani amekula kodi njiani, mwenye silaha amepata kitu ao hapana. Wajibu wa mnunuzi, ninarudilia, hata kama mzigo wa makaratasi unateremka mpaka kwa mwenye koleo. Etiketi zilizoanza kufungwa kwenye mifuko ya kasiterite Nyabibwe, Oktoba 2012, zilitokana na neno hilo.

Inabaki misemo ya mikutano. Mgeni akisema « we hear you », hajakubali, amesikia tu. « We will look into it » ni kuangalia, si kutengeneza. Na mkalimani asiye makini akikuta « the project is in the pipeline », atawaambia watu mradi uko ndani ya tuyo, na kijiji kizima kitangoja robine ya maji. Maana yake ni kwamba mradi umepangwa, uko njiani, na unaweza kubaki njiani. « In due course » ni wakati wake ukifika. « Shortly » ni karibu kidogo, lakini nayo haina tarehe. Ukitaka tarehe, inua mkono uulize maneno mawili mafupi: « By when? »