Samaki wa mamilioni hutazamwa mgongoni

Ndugu msikilizaji, juma lililopita nilipokea barua kutoka kwa msikilizaji wetu mmoja wa Dar es Salaam. Anasema aliingia katika duka la samaki wa mapambo akiwa na nia ya kumnunulia mwanawe samaki wawili wa kufuga. Akaonyeshwa samaki wadogo, kila mmoja hazidi kidole, weupe wenye mabaka mekundu. Akaambiwa kwamba huyu ni samaki wa dhahabu, bei yake ndogo. Na yule ni koi wa Japani, bei yake mara kumi ya mwenzake. "Kwa macho yangu," anaandika, "walikuwa ndugu wa tumbo moja. Je, nilikuwa naibiwa?"

Jibu la kwanza ni fupi. Mtazame mdomoni. Koi ana sharubu, jozi mbili, kwenye pembe za mdomo. Samaki wa dhahabu hana. Hilo peke yake linatosha kumtambua nani ni nani. Lakini kujua kwamba huyu ni koi si kujua kwamba anastahili bei aliyotajiwa ndugu yetu, na hapa ndipo jibu linapokuwa refu kidogo.

Kwanza tumfahamu koi mwenyewe. Kwa asili yake si samaki wa anasa. Ni kapi, samaki wa maji baridi ambaye watu wa Asia na Ulaya wamemfuga na kumla kwa karne nyingi. Wenzetu wa Kenya wanamjua huyu kapi wa kawaida, mwenye rangi ya matope: mnamo mwaka 2001 alianza kuonekana katika nyavu za wavuvi wa Ziwa Naivasha, na katika miaka iliyofuata akawatangulia samaki wengine wote kwa wingi.

Katika mkoa wa Niigata, kaskazini-magharibi mwa kisiwa kikuu cha Japani, kuna vijiji vya milimani ambako theluji huanguka kwa wingi na kufunga njia wakati wa baridi. Wakulima wa mpunga wa huko walifuga kapi katika mabwawa ya mashamba yao ili wapate kitoweo miezi ile ambayo hakuna mtu anayeweza kutoka. Mwanzoni mwa karne ya 19 wakaanza kuona ajabu: miongoni mwa vifaranga vyeusi kilijitokeza kimoja chenye alama nyekundu, kingine cheupe. Badala ya kuwatia chunguni, wakawatenga na kuwazalisha wao kwa wao. Kazi hiyo ikaendelea kutoka baba hadi mwana. Mwaka 1914 samaki hao walipelekwa kwenye maonyesho makubwa mjini Tokyo, na tangu hapo nchi nzima, na baadaye dunia nzima, ikawajua. Wajapani huwaita nishikigoi, yaani kapi wa hariri ya nakshi.

Sasa bei. Mwezi Oktoba mwaka 2018, katika mnada mkoani Hiroshima, koi mmoja jike mwenye umri wa miaka tisa na urefu wa sentimita 101 aliuzwa kwa yeni milioni 203. Kwa wakati ule fedha hizo zilikaribia dola milioni 1.8 za Marekani. Mnunuzi alitoka Taiwan. Samaki yule aliitwa S Legend, naye alikuwa na rangi mbili tu, nyeupe na nyekundu, kama wale aliowaona msikilizaji wetu dukani.

Je, aliyetoa fedha zile aliona nini? Akina mama wanaonisikiliza watanielewa upesi, maana mambo haya yanafanana sana na kanga. Kanga ina mji wake, na juu ya mji kuna maua. Koi naye ana mji na ana maua. Na kwa sababu alilelewa katika mabwawa, ambako mtu husimama ukingoni na kutazama chini, uzuri wake huhesabiwa mgongoni, si ubavuni.

Kuna aina tatu ambazo Wajapani wanaziweka mbele ya nyingine zote. Ya kwanza ni Kohaku. Jina lenyewe maana yake ni nyekundu na nyeupe. Mji wake ni mweupe, nao unatakiwa uwe mweupe kama theluji, usiwe na umanjano. Mabaka mekundu yawe na kingo zilizokatika vizuri, kama zimekatwa kwa mkasi. Wekundu uwepo kichwani, lakini usishuke mpaka mdomoni wala kufunika macho. Na kabla ya kufika mkiani, sharti wekundu ukome na weupe uonekane tena. Wafugaji wana msemo wao kwamba safari ya koi huanza na Kohaku na huishia kwa Kohaku. Mwenye rangi mbili tu hana mahali pa kuficha kasoro.

Ya pili ni Taisho Sanke, iliyopewa jina la enzi ya Mfalme Taisho, kati ya mwaka 1912 na 1926. Huyu ni Kohaku aliyeongezewa weusi. Mji ni uleule mweupe, mabaka ni mekundu, kisha kuna madoa meusi yaliyotawanyika mgongoni. Weusi wake haupandi kichwani.

Ya tatu ni Showa, iliyotokea mwaka 1927. Naye ana rangi tatu zilezile, nyekundu, nyeupe na nyeusi, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Tofauti iko katika mji. Showa mji wake ni mweusi, na wekundu na weupe ndio maua. Kwa hiyo weusi wake haukai juu ya mgongo tu, bali huzunguka mwili na kushuka mpaka tumboni. Tena hupanda kichwani, na hujitokeza kwenye mashina ya mapezi ya kifuani. Ukiona rangi tatu, basi, anza kichwani: pasipo na weusi ni Sanke, penye weusi ni Showa. Hata wakianguliwa hutofautiana, maana vifaranga vya Showa huzaliwa vyeusi.

Ziko aina nyingine nyingi. Tancho ana doa moja tu jekundu, la mviringo, juu ya kichwa, na jina lake limetokana na korongo wa Japani mwenye utosi mwekundu. Wajapani wanampenda zaidi kwa kuwa anawakumbusha bendera yao. Lakini hakuna awezaye kuagiza Tancho: hutokea kwa bahati miongoni mwa ndugu zake. Asagi ana mgongo wa rangi ya samawati iliyofifia, magamba yake yamepangika kama wavu, na mashavu na mbavu zake zina wekundu. Ogon ana rangi moja inayong'aa kama madini, dhahabu au fedha. Na Chagoi ni wa kahawia, hana pambo lolote, lakini ni mpole kuliko wote. Huwa wa kwanza kuja kula mkononi mwa mtu, na wengine hujifunza kwake. Wafugaji wengi humweka mmoja bwawani kwa sababu hiyo tu.

Hata hivyo, waamuzi wa mashindano hawaanzi na rangi. Huanza na umbo: mwili mpana mabegani, ulionyooka, unaopungua taratibu kuelekea mkiani, kama mtumbwi uliochongwa na fundi. Ndiyo maana washindi wakubwa huwa majike, kwani hunenepa na kurefuka kuliko madume. Baada ya umbo hutazama ngozi na mng'ao wake, kisha ndipo hutazama mabaka.

Na sasa tumefika kwenye kiini cha gharama. Jike mmoja hutaga mayai laki kadhaa. Wazazi wawe wazuri namna gani, wengi wa watoto hao hawatakuwa na thamani. Mfugaji hukaa na wavu mdogo na bakuli, akichambua vifaranga kimoja kimoja, kama mtu anayechambua mchele. Baada ya majuma kadhaa huchambua tena, kisha mara ya tatu. Mwishoni hubaki na sehemu ndogo sana. Hao waliobaki ndio wanaobeba gharama ya wote waliokataliwa, na ya macho yaliyowakataa.

Tena kazi haijaisha. Rangi ya koi haitulii. Wekundu unaweza kupauka au kukatika, weusi unaweza kuzama na kuibuka miaka miwili baadaye. Samaki aliyependeza akiwa na urefu wa kidole anaweza kuwa wa kawaida kabisa akifika urefu wa mkono, na yule aliyedharauliwa akageuka malkia. Kumnunua koi mchanga ni kununua ndama angali tumboni.

Wafugaji wa Niigata wanajua vyema jinsi mali ya namna hii inavyopotea. Jioni ya tarehe 23 Oktoba 2004, tetemeko la nguvu za 6.8 liliupiga mkoa wao. Katika kijiji cha Yamakoshi, mojawapo ya chimbuko la samaki hawa, milima iliporomoka, barabara zikakatika, mabwawa yakapasuka na maji yakatoka. Watu wote, zaidi ya elfu mbili, waliondolewa kwa helikopta. Samaki wengi walikufa. Wafugaji walihangaika kuwaokoa hasa samaki wazazi, kwa sababu bwawa unaweza kulichimba upya katika mwaka mmoja, lakini ukoo uliochambuliwa na babu, baba na mwana haupatikani dukani kwa bei yoyote. Walio wengi walirudi kijijini, wakachimba, wakaanza tena.

Sasa nirudi kwa ndugu yetu wa barua. Hukuibiwa ikiwa samaki yule alikuwa na sharubu. Lakini usilipe bei ya samaki mzima kwa kifaranga, wala usilipie jina la Japani ambalo muuzaji hawezi kukuonyesha hati yake. Jambo jingine ni kwamba koi hukua kufikia sentimita 60 na zaidi, na huishi miaka mingi. Chombo cha kioo cha sebuleni ni kifungo kwake. Anahitaji bwawa lenye maji safi. Kwa mtoto mwenye chombo kidogo, samaki wa dhahabu anatosha.

Na atakayechoka na koi wake asimtupe mtoni wala ziwani akidhani anamhurumia. Ndani ya hariri ile yumo kapi yuleyule, mchimbaji wa matope na mtagaji mkubwa, na akizaliana nje, si rahisi tena kumtoa.

Hadi juma lijalo, kwaherini.