Kwa nini tulipu hukataa kuchanua Gusii

WAPENDAO kupamba nyua zao Kisii na Nyamira huvutiwa na picha za tulipu na dafodili, maua yachanuayo Ulaya baridi inapokwisha. Anayenunua vitunguu vyake na kuvipanda katika udongo mwekundu wa Gusii kwa kawaida huambulia majani matupu.

Lawama si ya udongo wala ya mpanzi. Kitunguu cha tulipu huhitaji baridi ya chini ya nyuzi 9 za Selsiasi kwa wiki 12 hadi 16 ndipo shina la ua lirefuke. Milima ya Gusii ina ubaridi wa kustawisha majani chai, lakini iko karibu mno na ikweta kuwa na kipupwe cha aina hiyo.

Wapo wanaotumia friji. Hila hiyo hufaulu, mradi vitunguu visiwekwe pamoja na ndizi au maparachichi yanayoiva, kwani gesi ya matunda hayo huua chipukizi la ua. Viandikwe pia jina: vina sumu, na mpishi mwenye haraka aweza kuvidhania vya mchuzini. Hata hivyo, ni gharama kubwa kwa ua la siku chache, kwani vitunguu hivyo vitadai baridi tena mwaka ujao.

Gusii ina majira yake ya kuchipua, nayo huletwa na mvua ya Machi. Wakati huo ndipo huchomoza ua jekundu la duara mfano wa mpira, liitwalo na wataalamu Scadoxus multiflorus. Ni la asili ya Afrika, Kenya ikiwemo, na kichwa kimoja chaweza kubeba vijiua 200. Mara nyingi ua hutangulia, majani yakafuata.

Amarilisi, yenye asili ya Amerika Kusini, nayo haidai barafu. Hutaka kiangazi kifupi cha kupumzika, kisha maji. Hatari yake ni kuoza, maana mvua ya Gusii haina subira. Ipandwe kwenye tuta lililoinuliwa au chunguni chini ya upenu, shingo ya kitunguu ikiachwa juu ya udongo.

Haya nayo yana sumu, hivyo yasipandwe palipofungwa mbuzi wala wanapochezea watoto. Ya kuogopwa zaidi ni Gloriosa superba, mtambazi wa petali nyekundu na manjano zilizokunjwa nyuma. Kiazi chake kina kolchisini, sumu iwezayo kuua.

Kuna jambo jingine. Eneo hili ni miongoni mwa sehemu za mashambani zenye msongamano mkubwa wa watu nchini, na mmea wa porini umebakiwa na nafasi finyu kati ya migomba, mahindi na chai. Kuung'oa mlimani ili kupamba ua wa nyumba ni kuupunguza zaidi. Vitunguu hivi huzaa vitoto kando yake. Jirani mwenye shada lililosongamana atagawa bila kupoteza kitu, hasa akiombwa mwezi wa Januari au Februari kabla ya mvua kuanza.