Maji chini ya barafu ya Europa, na kile kifimbo cha mlangoni

Sisi watu wa mgodi tunakijua vizuri kile kifimbo cha mlangoni. Saa ya kutoka unasimama kwenye mstari, unainua mikono, mlinzi anakipitisha kwenye mifuko, kwenye mukaba, mpaka kwenye mabote. Kikilia, unatoa kila kitu: funguo, kipande cha kable, hata kikopo cha tumbako. Mlinzi hajatia mkono mfukoni na tayari anajua. Wengi wetu tulifikiri mule ndani kuna sumaku. Lakini sumaku haivuti shaba, kila mtoto wa Kolwezi anajua, na bado kifimbo kinalia. (Malakiti, hiyo unaweza kupita nayo kimya. Ni jiwe, haipitishi umeme. Njo maana wanatupapasa tena kwa mikono.)

Kijana mmoja wa jeofizika, tuliyefanya naye kazi miaka ya nyuma, njo alitufasiria. Ndani ya kifimbo kuna waya wa shaba uliozungushwa. Umeme wake unageuka-geuka, na nguvu ya sumaku inayotoka inageuka pamoja nao. Ikikuta chuma ao shaba mfukoni mwako, inaamsha umeme mdogo ndani ya ile shaba, na ule umeme unatoa nguvu yake ndogo ya sumaku, sawa mtu anayejibu. Kifimbo kinasikia jibu. «Njo hivi hivi walijua kama kuna bahari kule Europa,» akatuambia. Tulicheka. Tulifikiri anasema Ulaya.

Hapana, ndugu wasomaji. Europa ni mmoja wa miezi ya Jupiter, sayari kubwa kupita zote zinazozunguka jua letu. Ni mdogo kidogo kuliko mwezi wetu, upana wake karibu kilometre 3.100, na juu yake kote ni barafu. Mwaka 1979 vyombo vya Marekani vinavyoitwa Voyager vilipita na kupiga picha zake: barafu yenye mipasuko kila upande, sawa matope yaliyokauka na jua la mwezi wa tisa. Wenye elimu wakasema labda chini kuna maji. Lakini «labda» si kipimo. Na kutuma watu wa kutoboa haikuwezekana, maana miale inayozunguka Jupiter ni mikali mno. Siku moja pale inatosha kumpa mtu dozi ya kumwua.

Basi wakatuma chombo kingine, Galileo. Kiliondoka duniani mwezi wa kumi 1989 na kufika Jupiter mwezi wa kumi na mbili 1995. Kilibeba kipima-sumaku, na kile kipimo walikitia kwenye mkono mrefu wa karibu metre 11, mbali na mwili wa chombo. Sababu ni rahisi: chombo chenyewe kina umeme wake na makelele yake, na ukitaka kumsikia mwingine, kwanza ujiepushe na kelele yako. Aliyesimamia kazi hiyo ni mama Margaret Kivelson, wa chuo kikuu cha California kule Los Angeles.

Sasa, Jupiter yote ni sumaku kubwa, na sumaku hiyo imeinama, karibu digrii 10. Jupiter inajizungusha kwa muda wa chini ya saa 10. Kwa hiyo mahali Europa inapopita, nguvu ya sumaku inageuka upande huu, kisha upande ule, na kila saa 11 hivi inarudi ilipoanza. Umeona? Jupiter njo kifimbo. Europa njo mfuko.

Galileo kilipopita karibu na Europa, kilikuta nguvu ya sumaku imesumbuliwa. Hapo wangeweza kupiga mikono na kwenda nyumbani. Lakini kulikuwa na njia mbili za kueleza jambo lile. Pengine Europa ina sumaku yake yenyewe ndani, maana mwaka 1996 chombo kilekile kilikuta kama mwezi mwingine wa Jupiter, Ganymede, unayo yake. Ao pengine ni jibu tu, sawa la kable mfukoni. Ukipima mara moja huwezi kutofautisha. Wakangoja saa ambayo nguvu ya Jupiter pale Europa ingekuwa imegeukia upande mwingine. Kama Europa ina sumaku yake, kipimo kingebaki vilevile. Kama ni jibu, nacho kingegeuka. Tarehe 3 mwezi wa kwanza 2000 Galileo kikapita karibu kilometre 350 juu ya barafu. Kipimo kilikuwa kimegeuka.

Barafu kavu haipitishi umeme vya kutosha kujibu hivyo. Chuma kilicho katikati ya Europa kiko chini mno, jibu lake lingefika dhaifu. Kinachofaa ni maji ya chumvi, mengi, si mbali chini ya barafu. Hakuna aliyetoboa hata santimetre moja.

Tena walifanya yote hayo na chombo kiwete. Antena yake kubwa, ya kufunguka sawa parasoli, ilikataa kufunguka mwaka 1991. Walipochunguza, walifikiri ni mafuta ya kulainisha: safari kilichukuliwa kwa kamyo kati ya California na Florida, kutikisika njiani kukayaondoa kwenye vyuma. Kila mekanisiye wa hapa kwetu atacheka kwa uchungu. Mabilioni ya makilometre, na kinachokusumbua ni grisi. Wakatumia antena ndogo, polepole sana, na habari zikafika.

Tunayaandika haya juu ya jambo lililotukuta sisi. Miaka iliyopita, kwenye galeri moja tuliyokuwa tunafanya kazi, ukuta wa mbele ulianza kutoa jasho. Tulimwambia shefu wa posti. Jibu: hakuna maji mbele, plani inaonyesha jiwe kavu. Siku ya tatu mashini ilitoboa, maji yakaja na mawe. Tulikimbia gizani, maji kiunoni. Mwenzetu mmoja hakutoka. Baadaye, kwenye mkutano, tuliuliza ile plani ilipimwa lini, na mara ngapi. Tuliambiwa hilo si swali la wafanyakazi.

Yule kijana wa jeofizika alitueleza kama njia ileile ya kifimbo inatumika chini ya udongo: unaweka waya mkubwa uliozungushwa, unageuza umeme, unasikiliza. Mwamba uliojaa maji unapitisha umeme kuliko mwamba mkavu. Haidanganyi, lakini haisemi yote pia. Mawe yetu yenye sulfuri na shaba nayo yanajibu, unaweza kuyadhania maji. Kwa hiyo baada ya kupima unatoboa tundu dogo la mbele, refu, la kuchungulia, kabla ya kuingiza watu. Mara mbili, sawa wale wa Europa.

Galileo kiliangushwa makusudi ndani ya Jupiter tarehe 21 mwezi wa tisa 2003, ili kisije siku moja kugonga Europa na kuyachafua maji yake kwa vijidudu vya kutoka huku duniani. Maji ambayo hakuna anayeyanywa. Wenzetu wanaochota kwenye mito yenye rangi ya asidi watajua tunachofikiri tunapoandika mstari huu.

Mwezi wa kumi 2024 Wamarekani walituma chombo kingine, Europa Clipper, kitafika 2030. Kitapita karibu na Europa mara 49, kwa saa tofauti, ili kipimo cha sumaku kiseme bahari ina kina gani na chumvi kiasi gani. Miezi michache mbele ya kuondoka, ilijulikana kama vipande fulani vya umeme ndani yake pengine havitavumilia miale ya Jupiter. Hawakusema «plani inaonyesha sawa». Walivijaribu miezi kadhaa, mchana na usiku, mpaka wakaridhika, njo wakakirusha.

Sisi, kwenye sendika, tumeandika barua: kabla galeri mpya haijasonga mbele, ipimwe maji, na delege wetu aonyeshwe kipimo. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili tuliipeleka Jumatatu kwa mikono, na mlangoni, tukitoka, walitupitishia kifimbo.