Kutoka Chanika Hadi Lango la Chuo Kikuu

Kwa mkazi wa Chanika, yaliko makao ya Halmashauri ya Mji wa Handeni, ziara ya chuo kikuu, yaani safari ambayo mwombaji, mzazi au mlezi huifanya ili kuyaona mazingira ya masomo, kuulizia malazi au kukamilisha usajili, ni safari ya mkoa hadi mkoa, kwa kuwa vyuo vinavyopokea wanafunzi wengi viko Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma na Moshi. Ndiyo maana jambo la kwanza kujulikana, kabla ya nauli na kabla ya gari, ni kampasi, yaani eneo mahususi la chuo ambamo kozi husika hufundishwa.

Jambo hilo huonekana dogo, lakini ndilo linalowapotezea wasafiri siku nzima. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kampasi yake kuu ya Mlimani, ilhali Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu kiko Chang'ombe, upande mwingine wa jiji, na kile cha Mkwawa kiko Iringa kabisa. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kina maeneo mawili, Upanga na Mloganzila, na anayetoka Handeni hufika upande wa Mloganzila, ulio kando ya Barabara ya Morogoro, kabla ya kuingia katikati ya jiji. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo nacho, mbali na kampasi kuu iliyo chini ya milima ya Uluguru, kina kampasi ya Solomon Mahlangu huko Mazimbu, mahali ambapo chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, ANC, kilijenga shule kwa ajili ya vijana wake waliokuwa uhamishoni.

Kampasi ikishajulikana, njia hujichagua yenyewe, kwani Chanika ina milango miwili ya kutokea. Wa kusini ni barabara ya kwenda Mkata, yenye urefu wa kilomita 54, inayokutana na barabara kuu ya Chalinze hadi Segera, nao ndio mlango wa waendao Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma. Wa kaskazini ni ule wa Korogwe, wenye kilomita 65, unaomfaa anayekwenda Moshi, kwa mfano katika Chuo Kikuu cha Ushirika, au Arusha. Anayekata tiketi kwa njia ya simu ahakikishe kwamba imeandikwa Handeni, kwa sababu wilaya ya Ilala, Dar es Salaam, ina Chanika yake, na mawakala wa mabasi huifahamu zaidi ile.

Ugumu wa safari ya Dar es Salaam umo katika saa kuliko katika umbali. Kutoka Chanika hadi jijini ni takriban kilomita 300, na basi, ambalo kisheria halipaswi kuzidi mwendo wa kilomita 80 kwa saa na hulazimika kushuka hadi 50 linapopita kwenye makazi, kwa kawaida haliwezi kuumaliza mwendo huo chini ya saa tano. Ofisi za umma hufunguliwa saa 1:30 asubuhi na kufungwa saa 9:30 alasiri. Aliyeondoka saa 12 alfajiri atashuka Kituo cha Mabasi cha Magufuli, kilichopo Mbezi Louis na kuzinduliwa mwaka 2021, karibu na saa sita mchana. Akitoka hapo kwa daladala ziendazo Mwenge, ambazo hufuata Barabara ya Sam Nujoma inayopita kando ya Mlimani, atafika langoni ofisa anayemtafuta akiwa amekwenda kula. Tangu serikali ilipoondoa, mwaka 2023, zuio la mabasi kusafiri usiku, wapo wanaolitatua tatizo hilo kwa kusafiri usiku, ingawa busara zaidi ni kufika jioni ya kuamkia siku ya miadi na kulala kwa ndugu au katika nyumba ya wageni.

Kwa Morogoro, msafiri hubadilisha basi Chalinze, au hudandia pale Mkata basi litokalo Tanga, kisha hushuka stendi ya Msamvu. Wa Dodoma anaweza kuendelea na basi hilohilo au kupanda Morogoro treni ya reli ya kisasa, ambayo huduma yake ya abiria ilifika Dodoma mwaka 2024. Lakini reli hiyo haipiti Chalinze, hivyo treni humsaidia mtu wa Handeni nusu ya pili tu ya safari. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kimeenea katika takriban hekta 6,000, na ndaki zake, yaani vitengo vikuu vya taaluma, zimetengana kiasi kwamba kutembea kwa miguu kutoka moja hadi nyingine si jambo la kushauriwa.

Yapo mazingira ambamo gari binafsi au Noah ya kukodi hustahili gharama yake, hasa siku ya kuripoti, mwanafunzi anapokuwa na sanduku, godoro na ndoo. Hata hivyo, dereva aliyekodiwa hulipwa hata kwa siku ya kusubiri, na gari lazima lipate mahali pa kusimama. Ndani ya vyuo vingi mlinzi huuliza mgeni anakokwenda na huweza kumwelekeza aegeshe mbali na majengo, jambo ambalo halipaswi kubishaniwa. Nje ya lango, mitaa ya miji mikubwa ina ushuru wa maegesho, ambao Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulianza kuukusanya kielektroniki mwaka 2021: mkusanyaji huiingiza namba ya gari katika mashine, mwenye gari hulipa kwa simu, na asipolipa deni hubaki kwenye namba hiyo hadi atakapoulizwa. Aliyekodi gari akubaliane mapema na dereva nani atalilipa deni hilo.

Wiki za mahafali ni mbaya kuliko zote kwa maegesho, na aendaye kwenye mahafali ya Mlimani asome kadi yake vizuri, kwa kuwa kwa miaka kadhaa sherehe hizo zimefanyika katika ukumbi wa Mlimani City, ng'ambo ya barabara. Kwa ziara ya kawaida ya watu wawili au watatu wasio na mizigo, basi linatosha na gari ni mzigo. Kabla ya kukata tiketi, msafiri aipigie simu ofisi ya udahili ya chuo anachokwenda, aulize kampasi, jina la jengo na siku ambayo ofisi hiyo hupokea wageni.