Hesabu ya 23: Jinsi fundi anavyounda kufuli inayobadilishwa kiini

UFUNGUO mmoja unapopotea katika chuo au hospitali yenye mamia ya milango, hasara haipimwi kwa bei ya kipande hicho cha chuma. Hupimwa kwa idadi ya milango ambayo ufunguo huo ungeweza kuifungua.

Humu nchini, mwenye nyumba ambaye mpangaji wake amehama bila kurejesha funguo huita fundi, naye fundi akaja na bisibisi, akang'oa kitasa kizima na kutia kingine. Kwa nyumba moja, gharama hiyo hustahimilika. Kwa taasisi kubwa, ni mzigo wa siku nyingi na fedha nyingi.

Tatizo hili ndilo lililomshughulisha Mmarekani Frank Best, aliyekuwa mtunzaji wa majengo ya shule mjini Seattle mwanzoni mwa karne ya 20. Badala ya kubadilisha kitasa, alifikiria namna ya kubadilisha kiini chake pekee. Kufikia miaka ya 1920 alikuwa ameanzisha kampuni ya kuunda kufuli za aina hiyo, ambayo baadaye ilihamia Indianapolis. Leo kampuni kadhaa huunda viini vya umbo hilo, na vinatumika sana katika vyuo, hospitali na ofisi za serikali nchini Marekani.

Kiini chenyewe ni kidogo, chaenea kiganjani, na ukikitazama kwa mbele kina umbo la nambari 8. Kiini kile kile huingia katika kitasa cha mlango, kufuli ya lango au kabati ya dawa, mradi kasha lake liwe limeundwa kukipokea. Ili kukitoa, msimamizi hutia ufunguo maalumu, akauzungusha nyuzi 15 tu, kisha akakivuta. Hutia kiini kingine mahali pake, na kwa muda usiofika dakika moja ufunguo uliopotea huwa hauna kazi tena.

Ili kuelewa kazi ya fundi, ni lazima kwanza kuelewa kinachofanyika ndani.

Kufuli ya kawaida ya pini, ambayo Linus Yale Mdogo aliipatia hataza nchini Marekani katika miaka ya 1860, ina silinda ndogo inayozungushwa na ufunguo. Pini zilizosukumwa na springi huizuia silinda hiyo isizunguke. Ufunguo ufaao huziinua pini hadi maungio yake yote yalingane na mpaka wa silinda. Hapo silinda huzunguka na mlango ukafunguka.

Kiini cha kubadilishwa kina mipaka miwili badala ya mmoja. Silinda yake imezungukwa na ala nyembamba yenye ulimi unaokishika kiini ndani ya kasha. Ufunguo wa kawaida huzitenganisha pini kati ya silinda na ala. Silinda huzunguka peke yake, na mlango hufunguka. Ufunguo wa udhibiti huzitenganisha kwenye mpaka wa juu, kati ya ala na ganda la nje. Silinda na ala huzunguka pamoja, ulimi ukajikunja, na kiini kikatoka. Kwa hivyo, katika kila kitundu fundi hupanga pini za kutii mabwana wawili, na mara nyingi watatu, kwa kuwa kuna pia ufunguo mkuu unaofungua milango yote ya jengo.

Hapa ndipo hesabu inapoingia. Katika mfumo unaotumika zaidi, uitwao A2, mapengo ya ufunguo hupewa nambari kuanzia 0, ambalo ndilo fupi kuliko yote, hadi 9. Tofauti kati ya nambari moja na inayofuata ni inchi 0.0125, yaani kama theluthi moja ya milimita. Umbali kati ya mipaka ile miwili ni vipimo 10. Nambari za pini zote za kitundu kimoja zikijumlishwa ni sharti zifike 23.

Tuchukue mfano wa kitundu kimoja. Ufunguo wa mlango una pengo la 3, ufunguo mkuu 7, na ufunguo wa udhibiti 5. Pini ya chini hufuata nambari ndogo kati ya zile mbili za kwanza, yaani 3. Juu yake huwekwa pini ya tofauti: 7 kutoa 3, ni 4. Kisha huja pini ya udhibiti: 5 kujumlisha vile vipimo 10, kutoa 7, ni 8. Pini ya juu kabisa ni 13 kutoa 5, nayo ni 8. Jumlisha 3, 4, 8 na 8, upate 23. Jumla ikizidi, springi hubanwa kupita kiasi; ikipungua, springi hulegea. Fundi hurudia hesabu hiyo kwa kila kitundu, ambavyo kwa kawaida huwa 6 au 7, akianzia upande wa ncha ya ufunguo.

Zana zake si nyingi, ila zinadai mkono mtulivu. Kiini kilichotumika hufungwa katika kishikizo cha chuma, kisha msumari mwembamba husukumwa kupitia matundu ya chini ili kutoa pini, springi na vifuniko kwa juu. Pini hupokewa katika kisahani chenye sehemu zilizotengwa, zisichanganyike. Baada ya kusafisha vumbi na mabaki ya shaba, fundi huchukua pini mpya kutoka sanduku lenye vijumba vyenye nambari, akizishika kwa kibano na kuzitumbukiza moja moja kwa mpangilio. Akitilia shaka pini, huipima.

Juu ya kila rundo la pini huwekwa springi, na juu ya springi kifuniko kidogo cha shaba kinachogandamizwa kwa mashine ya mkono au kwa msumari maalumu na nyundo. Kifuniko kikizama mno, springi huumia. Kikichomoza, kiini hakiingii katika kasha. Mwisho, kila ufunguo hujaribiwa kiini kikiwa bado mezani. Ule wa udhibiti haurukwi kamwe, kwa maana kiini kikishawekwa mlangoni na ufunguo huo ukakataa, huenda dawa ikawa ni kukitoboa kwa keekee.

Hata hivyo, hesabu kuwa sahihi si sawa na mlango kuwa salama. Kila pini ya tofauti huongeza mahali pa pili ambapo kitundu kinaweza kuachilia. Kiini chenye vitundu 6, kila kimoja kikiwa na pini hiyo, hukubali michanganyiko 64 ya mapengo, ilhali fundi alikusudia miwili tu. Ndiyo maana mafundi stadi hawajazi pini hizo kiholela. Mwaka wa 2003, mtafiti wa Marekani Matt Blaze alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba, katika mifumo mingi ya ufunguo mkuu, mtu mwenye ufunguo wa mlango mmoja anaweza kugundua umbo la ufunguo mkuu wenyewe.

Hatari kubwa zaidi imo katika ufunguo wa udhibiti. Kwa kawaida ufunguo mmoja wa aina hiyo hutoa viini vyote vya jengo. Anayeupata hahitaji kuvunja chochote: hutoa kiini, akafungua mlango kwa bisibisi, kisha akakirudisha mahali pake bila kuacha alama. Ukipotea, faida ya kubadilisha kiini kimoja kwa dakika moja hugeuka kuwa kazi ya kuunda upya viini vyote.

Kwa sababu hiyo, taasisi inayofikiria kununua kufuli hizi haina budi kuuliza maswali matatu kabla ya kuuliza bei. Nani atakabidhiwa ufunguo wa udhibiti? Ufunguo huo utafungiwa wapi kila jioni? Na daftari la nambari za pini za kila kiini litakuwa mikononi mwa nani? Daftari hilo, katika mikono isiyofaa, linatosha kuchonga funguo za jengo zima. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika mfumo huu ufa hauanzii mlangoni, bali katika droo ya mezani iliyoachwa wazi.