Kolo kwa Basi: Nauli ya Kurudi Kwanza

Wazazi wengi wa Dodoma tunaamini utalii ni wa wenye magari. Likizo iliyopita nilibeba begi mgongoni, nikapanda basi na wanangu wawili kwenda Kolo, wilayani Kondoa, kilomita kama 180 kaskazini mwa jiji.

Tukiwa bado nyumbani nilimkabidhi kijana wangu wa miaka 12 pochi ya safari. Sharti lilikuwa moja: nauli ya kurudi itengwe kwanza, isiguswe. Maji, karanga na mihogo ya kuchemsha tulibeba wenyewe. Stendi, katikati ya kelele za wapiga debe, yeye ndiye aliyeuliza bei na kudai chenji.

Kolo ina michoro ya kale ya miambani iliyoingizwa na UNESCO kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mwongozaji alitupandisha mlimani kwa miguu. Tuliona wanyama na watu wembamba kwa rangi nyekundu. Waelezeni watoto mapema: michoro haiguswi wala haimwagiwi maji, na wenyeji bado hufanya matambiko huko.

Jioni basi lilichelewa, jua likawa kali, na binti yangu akaanza kulilia soda. Kaka yake akaibana pochi kwapani.

“Zilizobaki ni za kuturudisha kwa baba.”

Mimi mwenyewe koo lilikuwa limekauka. Nilitamani kumwambia alegeze kidogo, nikanyamaza. Tulifika nyumbani saa nne usiku, nauli imetosha.