Risiva ya Stirio kwa Televisheni: Tusikie Maneno, si Mvumo

Tangu matangazo ya televisheni ya mtindo wa zamani yalipozimwa nchini mwaka 2015 na kila nyumba ikalazimika kutafuta king'amuzi, zile televisheni zenye tumbo zimekuwa zikitoweka sebuleni mwetu, na mahali pake pametundikwa televisheni bapa, nyembamba kama sinia. Picha imekuwa safi hata mtu huliona jasho kwenye kipaji cha mchezaji mpira. Ama sauti, ndugu zangu, imerudi nyuma. Televisheni ya tumbo ilikuwa na nafasi ya kutiwa spika ya haja, na mara nyingi spika hiyo ilimkabili mtazamaji. Hii ya leo spika zake ni ndogo, na aghalabu zimeelekezwa chini au nyuma, sauti ikapiga ukuta kwanza ndipo itufikie.

Wanaoumia mwanzo ni wazee. Masikio yanapozeeka hupoteza kwanza sauti nyembamba za juu, na zile nene za chini hubakia. Ndiyo maana mzee husikia mngurumo wa lori barabarani vizuri, lakini msomaji wa habari akisema humponyoka. Nina shangazi yangu, bi mkubwa wa miaka themanini na kitu, ambaye kila jioni baada ya magharibi alikuwa akikaa nasi kutazama habari. Pole pole akaanza kwenda chumbani mapema. Nilipomuuliza kulikoni, akanijibu, "Mwanangu, nasikia kuwa wanasema, lakini wasemalo silisikii." Mtu hatoki barazani kwa sababu ya usingizi tu, hutoka pia kwa sababu mazungumzo yamemwacha.

Hapo ndipo watu wengi hukimbilia dukani kununua wufa. Wufa huvuma, madirisha yakatetemeka, jirani akagonga ukuta, na mzee bado hakusikia neno. Si ajabu. Mvumo wa wufa umo katika mitetemo isiyofika 200 kwa sekunde, ilhali sauti ya "s" na ya "th" hukaa kwenye mitetemo 4,000 na zaidi. Aliyepungukiwa na ya juu humtibu kwa kumwongezea ya chini? Huko ni kumpa maji mwenye njaa.

Sisi watu wa Pwani tuna kipimo chetu cha sauti, tulichokipata tungali watoto chuoni. Mwalimu hakukuachia upite mpaka "sin" na "sad" zitengane, na "ha" ya kooni isifanane na ile nyepesi. Na lugha yetu yenyewe haina mzaha. Thamani si samani. Paa la nyumba si paa wa mwituni, na mzee wa Mvita akiyatamka utasikia pumzi katika huyu wa pili ambayo haimo katika lile la kwanza. Chombo kinachoyachanganya haya hakifai, hata kikiwa na taa za rangi saba.

Basi chombo chenyewe ni kipi? Nasema risiva, na nisieleweke vibaya, maana siku hizi wengine huita risiva kile king'amuzi cha dishi. Risiva ninayoikusudia ni ile ambayo ndani ya sanduku moja ina redio, ina amplifaya ya kuzipa nguvu spika mbili, na ina swichi ya kuchagua usikilize nini: televisheni, kaseti, simu au redio. Na stirio maana yake ni njia mbili za sauti, ya kulia na ya kushoto.

Inapendeza kujua kwamba stirio na picha ni ndugu tangu kuzaliwa. Mhandisi mmoja wa Uingereza, Alan Blumlein, husimuliwa kwamba alikwenda sinema na mkewe, akaudhika kuona mchezaji anavuka kutoka upande mmoja wa kitambaa hadi wa pili huku sauti yake imeganda mahali pamoja. Mwaka 1931 aliandikisha hataza ya njia ya kuifanya sauti imfuate msemaji. Kwa hiyo mwenye kuweka spika mbili kando ya televisheni yake haleti jambo geni. Anairudisha stirio kwao.

Yako mambo manne ya kutazama kabla ya kutoa pesa.

La kwanza ni matundu yaliyo nyuma ya risiva. Televisheni nyingi za sasa hazina tena yale matundu mekundu na meupe ya kutolea sauti. Zina tundu la waya wa mwangaza, na lile la HDMI lililoandikwa ARC. Risiva nyingine za stirio, kama Sony STR-DH190 na Yamaha R-S202, hazina tundu lolote kati ya hayo mawili, na mwenye kuzinunua huhitaji kidude cha kugeuza sauti katikati. Nyingine, kama Denon DRA-800H, zina HDMI, na rimoti ya televisheni huweza kupandisha na kushusha sauti ya risiva, jambo linalompunguzia mzee adha ya rimoti mbili. Ukitumia waya wa mwangaza ukakuta kimya, usiirudishe risiva dukani bado. Ingia katika mipangilio ya televisheni, upande wa sauti, uchague PCM, kwani risiva nyingi za stirio hazifahamu lugha nyingine. Ama Bluetooth, ni nzuri kwa simu, lakini kwa televisheni mara nyingi huchelewa, ukaona mdomo umefumba ndipo neno linakuja.

La pili ni wati, na hapa ndipo penye udanganyifu mwingi. Utaona boksi limeandikwa maelfu ya wati za PMPO. Hesabu hiyo isome kama unavyosoma bei ya kwanza ya mchuuzi. Mwaka 1974 tume ya biashara ya Marekani ililazimika kuweka kanuni juu ya namna ya kutangaza nguvu za amplifaya, kwa sababu kila mtengenezaji alikuwa akijipimia kwa kibaba chake. Tafuta wati za RMS, kwa kila upande, kwenye omu 8. Tena ujue kwamba wati maradufu huongeza desibeli 3 tu. Ili sauti isikike kubwa mara mbili, wati huongezwa mara 10. Spika yenye kipimo cha desibeli 88, ukiilisha wati 1 tu, hutoa desibeli hizo 88 kwa umbali wa mita 1, na hapo aliye karibu lazima apaaze sauti ili asikiwe. Kwa sebule ya kawaida, wati 30 hadi 50 za kweli zinatosha na kubakia. Tazama pia omu za spika zako. Zikiwa 4, hakikisha risiva imeruhusiwa kuzibeba.

La tatu ni umeme. Mombasa ni mji wa bandari, na vyombo vilivyokwisha kutumika ng'ambo huuzwa kwa bei ya kuvutia. Umeme wetu ni volti 240. Wa Marekani ni 120, wa Japani ni 100. Ukiichomeka risiva ya huko moja kwa moja ukutani, utasikia harufu kabla ya sauti. Soma kibati cha nyuma, na kama ni ya volti ndogo, weka transfoma yenye uwezo unaozidi ulaji wa risiva. Na ile ya Kijapani ina kasoro ya pili: redio yake ya zamani hukomea megahezi 90, ilhali vituo vyetu hufika 108. Wenye magari yanayoshushwa Kilindini wanalijua jambo hili bila ya kuelezwa.

La nne ni chumba. Vyumba vya nyumba zetu za kale, Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa, ni virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wake ulipimwa kwa boriti za mikoko, kiasi cha mita 3 tu au pungufu. Kuta ni za mawe na chokaa, ngumu, zinazorudisha sauti. Katika chumba kama hicho spika tano za kuzunguka hugombana. Mbili nzuri huelewana. Ziweke kando ya televisheni, usawa wa masikio ya aliyekaa, zimwelekee yeye, na umbali baina yake ulingane na umbali wake kwa msikilizaji. Tandika zulia au mkeka, teremsha pazia, mwangwi utapungua. Na akina mama mtanisamehe: kile kitambaa cha kusokotwa kisiwekwe juu ya risiva. Matundu ya juu ni pua zake, na joto la Pwani linatosha.

Ukifika dukani, usikubali kusikilizishwa ngoma. Chukua usomaji wa Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary, aliyerekodi Kurani nzima kwa tartili mwaka 1961, na uzisikilize herufi kwa adabu yake. Kisha chukua Juma Bhalo au Zuhura Swaleh. Taarabu yetu ni mafumbo, na neno moja likipotea, fumbo lote limepotea. Risiva ikiyatoa maneno waziwazi na sauti ikiwa chini, hiyo ni yako. Ina faida ya pili: jirani atalala. Na rimoti iwe na kitufe cha kunyamazisha kilicho wazi, adhana ikiadhiniwa mtu asitafute miwani.

Kwetu tulifanya hivyo, kwa risiva ya wati 40 na spika mbili za mbao. Shangazi amerudi kwenye kiti chake cha habari za jioni, na juzi alimsahihisha msomaji matamshi. Nafunga kwa ubeti:

Chombo bora si kuvuma, kisemacho kisikike,
Kila neno la hekima, litoke litamkike,
Mzee naye daima, asikae peke yake,
Ndipo nyumba huwa njema, wakubwa na wana wake.